Barua kwa mwanangu: ile habari ya Fanny

Mwanangu,

Umeniuliza eti Fanny, yule dada yake Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikuwa anajua piano kweli ama anatajwa tu sababu ya mdogo wake. Alikuwa anajua. Aliingia Royal Academy of Music pale London 1823 akiwa na miaka 12, mwaka uleule chuo kinafunguliwa, ada gini 38 (hela ya zamani ya Kiingereza) kwa mwaka, na piano alifundishwa na Moscheles, yule mpiga piano aliyewahi kumfanyia kazi mtunzi Beethoven. Hilo limeisha.

Ila mi anayenisumbua ni Charles. 1824 baba yao, John, kafungwa gereza la Marshalsea kwa deni la pauni 40 za muoka mikate, dogo ana miaka 12 yuko kiwandani anafunika vikopo vya rangi ya viatu kwa karatasi, anafunga kamba, anabandika lebo, shilingi 6 au 7 kwa wiki, na dada yuko chuoni na piano yake. Jumapili anampitia wanaenda wote gerezani kwa wazazi. Siku Fanny anapewa zawadi Charles alikuwepo, machozi yakamtoka, na baadae akaandika mwenyewe kwamba haukuwa wivu. Mi namwamini, nimeshakwambia mara ngapi, haukuwa wivu.

We unaikumbuka ile Pasaka dada yako alipopiga kinanda kanisani mara ya kwanza? Ulikuwa umekaa nyumbani muhula mzima maana ada ilipatikana ya mmoja, na mwalimu wa kinanda nilishamlipa, we uko dukani unapima mafuta ya taa. Ukaja umechelewa ukasimama mlangoni, mikono umeificha nyuma. Mama yako akakuita ukae, ukakataa, sababu ya ile harufu nadhani. Vigelegele vilipopigwa nikageuka kukuangalia, nikakuta umeinamia kidole gumba unakwangua ukucha.

Sasa usinifanye John Dickens, mi sikufungwa. Na hela ilikuwa ya mtu mmoja kweli, muulize mama yako. Ingawa kinanda kingeweza kusubiri muhula mmoja. Lakini kingesubirije na mwalimu mwenyewe alikuwa anahamia Arusha? Basi hata kuwaita nyie wawili niwaambie ukweli ningeshindwa? Ningeweza. Sijui kwa nini sikuwaita.

Hata huyo Fanny ada ilikuja kumshinda, 1827 akatoka, mpaka alipopata kufundisha hapohapo chuoni ndo akarudi. Kifua kikuu kilimchukua 1848, ana miaka 37, na Charles alikuwa anaenda kumuona kitandani.

Kama nilikosea siku zile, jibu langu ninalo, tena nimekaa nalo muda mrefu, ila mama yako kanikataza nisiliseme mpaka uulize mwenyewe. Na we umeniuliza habari za Fanny.

Wasalimie wajukuu zangu. Dada yako kasema atakupigia Jumapili, pokea.

Baba yako