Mafuta ya kupima yanamaliza hela ya nyumba: anza na dumu moja

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinaendeshwa na hela ya matumizi inayoachwa mezani asubuhi. Elfu saba, elfu kumi, na jioni imekwisha. Inakwenda dukani kwa Mangi na gengeni mara tatu nne kwa siku: mafuta ya mia tano, sukari robo, mkaa kopo moja, nyanya fungu moja. Anayenunua hivyo hana kosa, ndiyo hela aliyonayo. Lakini ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote mtaani, na inauma kwa sababu mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote. Kumwambia "nunua jumla" hakumsaidii, maana hela ya jumla hana. Inabidi aipate humohumo kwenye mia tano zake, na inawezekana.

Anza na mafuta ya kula, kwa sababu yananunuliwa kila siku na hayaozi haraka. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, nenda nayo dukani, upimiwe mafuta ya sh 500 humo. Rudi nyumbani uyapime kwa kikombe chenye alama za mililita, au hata kwa bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa. Tuchukulie umepata mililita 75. Gawa 500 kwa 75, zidisha mara 1,000: lita moja unainunua kwa sh 6,667. Sasa uliza bei ya dumu la lita 5. Likiwa sh 27,000, lita ni sh 5,400. Weka bei za mtaani kwako, hesabu ni ileile.

Nyumba inayotumia vipimo viwili kwa siku, yaani sh 1,000, inatumia mililita 150. Dumu la lita 5 litaifikisha siku 33. Ugumu ni kupata ile 27,000 ya kwanza. Iunge kwa wiki kadhaa, au subiri zamu yako ya mchezo wa kupeana hela (upatu), au ichukue siku ya mshahara kabla ya kitu kingine chochote. Dumu likishaingia ndani, shika hapa: usiache kutoa ile sh 1,000 ya kila siku. Itoe kama kawaida, ila iingie kwenye kibubu cha mafuta badala ya kwenda dukani. Siku ya 33 kibubu kitakuwa na sh 33,000. Unanunua dumu la pili kwa 27,000, na 6,000 inabaki. Hiyo 6,000 ndiyo inaanzisha sukari. Sukari nayo iwe na kibubu chake, kisha sabuni ya kufulia, kisha mchele. Kitu kimoja baada ya kingine. Ukibeba vyote mwezi mmoja utashindwa wiki ya pili na utarudi kwenye robo.

Mpango huu huharibika kwa njia mbili, na zote zinajulikana. Ya kwanza ni mkono kuwa mzito. Dumu likiwa jikoni, mpishi anamimina kwa macho, na zile siku 33 zinageuka 20. Dumu likae chumbani. Kila asubuhi jaza kichupa cha mililita 150, na hicho ndicho kiende jikoni. Kikiisha mchana, jioni ni mboga ya kuchemsha. Ya pili ni kibubu kuvunjwa mtoto akiumwa au mgeni akifika bila taarifa. Kwa hiyo weka kibubu kingine kidogo cha dharura, hata cha sh 200 kwa siku, ili cha mafuta kisiguswe.

Ukifika kwenye nafaka, joto na unyevu wa Dar vinabadilisha hesabu. Mchele uliokauka vizuri unakaa miezi kadhaa ukiwa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukiuacha kwenye kiroba sakafuni, fukusi wataufikia kabla hujafika nusu. Chambua kwanza, anika juani kwa saa chache, acha upoe, ndipo ufunike. Ukiufunika ukiwa na joto utatoa jasho na kushika ukungu. Sembe ni ya kununua kwa wiki chache. Dona ni ya muda mfupi zaidi, kwa sababu imesagwa pamoja na kiini chake chenye mafuta, na mafuta hayo yakichacha unga unakuwa mchungu. Usidanganywe na bei nzuri ya kiroba cha kilo 25 cha dona kama mko watatu nyumbani.

Kujua mnatumia kiasi gani, pima kwa wiki moja tu. Kikombe cha mililita 250 kikijaa mchele kinabeba takriban gramu 200, kwa hiyo vikombe vitano ni kilo. Andika kila mlo vimeingia vingapi.

Tandale kuna bei nzuri za nafaka, na mbogamboga zina unafuu Ilala na Mabibo. Ila piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, na bodaboda ya kubebea mzigo. Ukiokoa sh 3,000 kwenye kilo kumi za mchele kisha bodaboda ikachukua 4,000, umepoteza. Safari ya sokoni inalipa mkiwa nyumba mbili tatu: mtu mmoja anakwenda, mnagawana gunia na nauli. Mchele ununuliwe kwa wingi baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, na siyo wakati wa masika ambapo barabara zinakatika na mkaa wenyewe unakuja umelowa.

Mkaa wa kopo una tatizo lilelile la mafuta ya kupima, na gesi inaushinda mara nyingi kwa mapishi mafupi: chai, mayai, mboga za majani. Mtungi mdogo una kilo 6 za gesi, mkubwa 15. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, karibu na shingo. Dai upimiwe kwenye mizani kabla hujalipa: toa uzito huo, na kinachobaki kiwe 6 kamili. Moto ukiwa wa njano na sufuria zikichafuka masizi, jiko linakula gesi bure; safisha matundu kwa brashi kavu.

Maharage ndiyo mla moto mkubwa. Loweka usiku kucha, mwaga maji yake, weka mapya, chemsha kwa nguvu dakika 10. Hizo 10 usizipunguze, kwa sababu maharage ambayo hayajachemka sawasawa yanasumbua tumbo vibaya. Endelea na moto mdogo nusu saa, kisha ipua sufuria ikiwa na mfuniko, izungushie kanga na blanketi ndani ya kapu, uiache saa mbili au tatu. Yanaiva yenyewe kwa joto lililobaki. Yachemshe tena kabla ya kuunga. Kama huna friji, pika ya siku moja tu, kwa joto la huku yatachacha kabla ya asubuhi.

Kodi ya nyumba ya miezi sita usiisubiri. Gawa kwa wiki 26: nyumba ya sh 100,000 kwa mwezi inadai sh 23,100 kila wiki. Zikikaa kwenye simu, zitoe mara moja siku ya kulipa, kwa sababu kila unapotoa kidogo kidogo kuna makato.

Umeme nao una mpaka wake. Bei nafuu ya mteja mdogo wa nyumbani, sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, inaishia uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hapo inatozwa sh 350. Uniti 75 ni 2.5 kwa siku. Feni ya wati 60 usiku wa saa nane inakula karibu 0.5. Taa tano za LED za wati 9, saa tano, 0.2. Televisheni ya wati 60 kwa saa sita, karibu 0.4. Friji ndogo takriban 1. Hapo umebakiwa na 0.4, na pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa dakika 25. Kwa hiyo piga pasi za wiki nzima siku moja, pasi ikiwa tayari moto. Friji iache nafasi ya sentimita 10 ukutani, na banisha karatasi kwenye mlango wake: ikivutika bila kukaza, mpira umechoka, badilisha. Wapangaji wanne kwenye mita moja ni vigumu kubaki chini ya 75 hata wakibana, na mwenye nyumba aombwe kila chumba kiwe na mita yake, hata kama gharama ya kufunga mtaichangia. Mwenye mita yake aandike kwenye kalenda uniti zilizobaki kila asubuhi. Tofauti ikizidi 2.5 siku mbili mfululizo, aanze kukagua friji.