Kabla hujatia sahihi, mwambie wakili akusomee

Marehemu mama alipigania kiwanja chake miaka sita. Wakili wetu alitutoza kwa kila karatasi: kuandika hati, kutoa nakala, "kusukuma jalada". Hati zote zilikuwa za Kiingereza. Mama aliweka dole gumba, sisi wanawe tukatia sahihi, hakuna aliyeuliza kilichoandikwa.

Baadaye nilisoma habari za mahakama za Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zina mizizi, nikaona ni yaleyale. Katika Chancery, mojawapo ya mahakama kuu za huko, waandishi wa hati walilipwa kwa ukurasa, basi hati zikawa ndefu. Mwaka 1596 Richard Mylward, mwana wa mdai katika kesi moja, aliandaa hati ya kurasa 120 wakati 16 zingetosha. Mahakama ikaamuru hati itobolewe katikati, Mylward avishwe shingoni na azungushwe nayo mbele ya watu katika ukumbi wa Westminster. Akatozwa na faini. Mwaka 1621 Francis Bacon, mkuu wa mahakama hiyohiyo, alikiri kupokea fedha za wenye kesi.

Kilichoniuma zaidi ni lugha. Kumbukumbu za kesi ziliandikwa Kilatini, na mawakili walikuwa na Kifaransa chao cha mahakamani. Mkulima angejuaje anachodaiwa? Wanaharakati walioitwa Levellers walidai sheria ziandikwe kwa lugha ya wananchi, na mwaka 1650 Bunge likakubali. Ufalme uliokuwa umeondolewa uliporudi mwaka 1660 Kilatini nacho kikarudi, hadi mwaka 1733.

Sisi Tanzania sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Itumie. Usitie sahihi hati ambayo wakili hajakusomea na kukueleza kwa lugha unayoielewa. Akikasirika, tafuta mwingine. Mkubaliane ada yote kwa maandishi kabla hajaanza kazi, na kila unapolipa dai stakabadhi, hata akiwa ndugu yako. Bila stakabadhi, malalamiko yako mbele ya Kamati ya Mawakili, inayosikiliza mashtaka dhidi ya mawakili, yatakuwa maneno matupu.

Na nenda masijala ya mahakama mwenyewe na namba ya shauri lako, usisubiri kuambiwa. Mimi nilikwenda mara ya kwanza mwaka ule wa sita. Karani alifungua jalada, akanionyesha: kesi ilikuwa imefutwa miezi minane nyuma kwa sababu upande wetu haukufika. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumelipia nakala.