Mzee kabadilika juzi, mnasema ni uzee?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanaolea wazee kwenye makazi, au wenye wazazi wao huko.

Shikamoo daktari. Mimi ni mhudumu kwenye makazi ya wazee, Kanda ya Ziwa. Babu mmoja alikuwa akitutania kila asubuhi. Tangu juzi anaweweseka, usiku hafumbi jicho, mchana kutwa amelala. Wenzangu wanasema uzee umemfika.

Marahaba. Uzee haumfiki mtu juzi. Usahaulifu wa uzeeni hunyemelea kwa miezi na miaka. Akili ikivurugika ndani ya siku mbili, kuna jambo mwilini, na mara nyingi linatibika. Apelekwe kituo cha afya leo.

Kwa huko mliko, apimwe malaria hata kama hana homa, kwani mwili wa mzee dhaifu unaweza kubeba maambukizi makubwa bila kuchemka. Apimwe sukari, hasa kama anatumia dawa za kisukari na jana hakula. Ahesabiwe pumzi, maana nimonia ya wazee mara nyingine haina kikohozi. Halafu maswali ambayo watu huona aibu kuyauliza: amekojoa lini? Ana siku ngapi hajapata choo? Kibofu kilichojaa au choo kilichokwama vinatosha kumfanya mzee aweweseke. Mwisho, kuna dawa mpya? Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, na vile vya kumlaza usiku, huvuruga akili za wazee. Msimpe kidonge cha kulala ili wengine wapate usingizi.

Aende na mtu anayemjua. Daktari anayemwona mara ya kwanza hawezi kujua kwamba wiki iliyopita huyu alikuwa mcheshi.

Niko Uingereza, mama yuko makazi ya kulipia Dar es Salaam. Kila nikipiga simu naambiwa amepumzika. Nimetuma pesa ya kiti cha magurudumu asichoke. Nimefanya vizuri?

Kiti ni kizuri kwa kwenda kliniki au kuota jua. Akishinda humo kutwa, kitamwondolea miguu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima. Mama yako je?

Hapo hapo Uingereza, mwaka 1935, daktari Marjory Warren alikabidhiwa wodi za wagonjwa zaidi ya 700, wengi wakiwa wazee walioachwa vitandani kama watu wasio na tiba. Akawapima mmoja mmoja, akawatibu, akawasimamisha. Wengi walitembea, na baadhi wakarudi makwao. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize kama mama amepumzika. Uliza leo amesimama mara ngapi, na amekwenda chooni kwa miguu yake? Pesa ijayo nunua viatu vinavyoshika kisigino badala ya kandambili, na mlipe fundi afunge vyuma vya kushikia chooni.

Bibi yetu mmoja ana mfuko wa dawa 11. Kila hospitali imeongeza zake. Tunampa zote.

Mwaka 1991 daktari Mmarekani Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa zisizofaa kwa wazee, na waliitengeneza kwa ajili ya wakazi wa nyumba za wazee hasa, kwa sababu huko ndiko dawa hurundikana. Nikifungua mfuko kama huo natafuta kwanza diklofenaki ya maumivu, inayochubua tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Halafu glibenklamidi ya kisukari, ambayo kwa asiyekula vizuri hushusha sukari hadi azimie. Halafu vidonge viwili vitatu vya presha vinavyomfanya aone kizunguzungu akisimama, kisha anaanguka na kuvunjika nyonga.

Msisimamishe dawa wenyewe. Pelekeni mfuko mzima kwa daktari mmoja, mwombeni ampime presha akiwa amekaa, kisha amesimama.

Mzee asiyeinuka kitandani, tumpake spiriti na kumsugua mgongo asipate vidonda vya kulalia?

Hapana, kusugua palipo pekundu kunaumiza nyama iliyo chini. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, visigino visiguse godoro, pampasi ikilowa ibadilishwe. Mpeni mayai, maziwa au dagaa, kwa kuwa ngozi haijijengi kwa uji mtupu.

Mimi ni msimamizi wa makazi. Daktari hatuna. Mtu akizidiwa tunaita bajaji.

Mnahitaji ratiba kuliko mnavyohitaji daktari wa kukaa hapo. England tangu mwaka 2020 kila nyumba ya wazee imefungamanishwa na kliniki za jirani, na wahudumu wa afya hufanya mzunguko kila wiki, awepo mgonjwa asiwepo. Kamwoneni mganga mfawidhi wa kituo chenu, mwombeni siku moja maalumu, hata kama atamtuma muuguzi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza anastahili matibabu bila malipo. Wafuatilieni vitambulisho vyao kabla ya ule usiku wa bajaji.

Kila mzee awe na daftari: uzito wa kila mwezi, presha, dawa, na namna anavyotembea na kula akiwa mzima. Ukurasa huo wa mwisho nauthamini kuliko mashine nyingi.

Mzee wetu ana saratani. Kaandikiwa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, lakini wahudumu wanaogopa itamfanya teja.

Mwenye maumivu ya saratani anayeinywa kama ilivyoandikwa hawi teja. Majirani zetu Uganda wanaitumia tangu miaka ya 1990, na tangu 2004 wauguzi wao waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Mpeni kwa saa zilizoandikwa, msingoje alie. Mwulizeni daktari dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo, maana mofini inafunga. Siku za mwanzo atasinzia kidogo, ni kawaida. Ila akiwa haamki mkimwita, au pumzi zimekuwa chache mno, msimpe dozi inayofuata, na mpigieni daktari hapo hapo.