Maswali Yenu ya Picha: Taa ya Kabati la Chipsi

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja, lile shindano la picha za mnato zenye sura ya sinema ambalo mimi na wenzangu wawili tulikaa meza ya majaji. Nimechagua nne. Ya lawama nimeiweka mbele ili mwenyewe asiseme nimeificha.

SWALI: Shikamoo mama. Napiga picha za harusi na sendofu, naishi Tabata. Nilileta picha ya kijana amesimama kwenye pantoni ya Kigamboni alfajiri, maji nyuma yake. Kamera nzuri, mistari myeusi nimeweka juu na chini, rangi za buluu na chungwa kama filamu za Marekani, na ukungu kidogo. Haikuingia hata kumi bora. Iliyoshinda imepigwa kwa simu, tena ni muuza chipsi! Mliangalia nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha yako naikumbuka, na niliitetea kabla haijatoka, kwa sababu yule kijana ameshika chuma cha pantoni kama mtu anayeondoka bila kuaga. Hapo sinema ulikuwa nayo mkononi. Ukaifunika mwenyewe.

Tuanze na hiyo mistari. Kamera yako inatoa picha ya tatu kwa mbili, yaani 36 kwa 24. Ukiibana iwe 2.39 kwa 1 kama filamu pana, yaani upana uwe mara 2.39 ya kimo, katika kila milimita 24 za kimo unabaki na 15. Zile tisa zimeondoka na nini? Kwako zimeondoka na miguu ya kijana, na begi lililokuwa sakafuni. Najua lilikuwepo kwa sababu kipande cha mkanda wake bado kinaonekana, kimekatwa palepale mstari unapoanzia. Begi, mwanangu! Mtu mwenye begi kwenye pantoni alfajiri ana safari, labda amefukuzwa, labda anamfuata mtu. Asiye na begi anavuka kwenda kazini tu, kama maelfu wengine.

Halafu mistari yenyewe wala si ya sinema. Filamu pana zilishika kasi mwaka 1953, studio za Marekani zilipokuwa zikipigania watazamaji waliobaki nyumbani na televisheni. Lenzi maalumu iliiminya picha ikae ndani ya mkanda wa milimita 35, na ukumbini lenzi nyingine kwenye projekta ikaitanua tena. Sisi tuliokuwa tunakwenda kumbi za sinema za Empire na Avalon hapa Dar siku za Jumapili, tumevalishwa nguo za sikukuu, hatukuona mstari mweusi hata siku moja. Tuliona pazia, giza, na kichwa cha mtu wa mbele. Mistari ilikuja filamu hizo zilipotiwa kwenye televisheni, ambayo umbo lake halikuzitosha. Kwa hiyo ulipoibandika umeigiza televisheni ya sebuleni. Ukitaka upana, utafute ukiwa bado unachungulia kwenye kamera. Hesabu kabisa kwamba juu na chini vitakwenda, kisha rudi nyuma hatua tatu, miguu na begi vibaki.

Rangi nazo. Ile buluu na chungwa ina sababu. Ngozi ya binadamu, awe mweupe au mweusi, iko upande wa chungwa, na buluu inayoelekea kijani ndiyo inayokabiliana nayo, hivyo uso unajitenga na vilivyo nyuma. Lakini wewe ulivuta vivuli vyote viende buluu, na sisi weusi sehemu kubwa ya uso wetu kwenye picha iko kwenye vivuli. Shavu la yule kijana likawa kama samaki wa juzi pale Feri. Sikudhihaki; jaji mwenzangu alidhani kijana anaumwa, tukabishana dakika nzima kama kuumwa ndiyo hadithi yenyewe.

Sasa muuza chipsi. Nimeitazama tena leo asubuhi kabla ya kukuandikia. Ni usiku, na mwanga wote unatoka mahali pamoja: taa iliyo ndani ya kabati la kioo la chipsi. Ni mwanga wa njano unaopanda kutoka chini, unamgonga dada muuzaji kidevuni na mashavuni, unafifia kabla haujafika kwenye kilemba. Mkono wake wa kulia umeshika kijiko cha matundu juu ya karai. Mafuta yanachemka na chipsi zinaelekea kuungua, ila kijiko hakishuki. Kushoto, mkono wa mwanamume umeingia kwenye mwanga na noti ya elfu tano. Mkono tu, na saa. Dada haitazami ile noti. Anatazama kitu kilicho nyuma ya mteja, nje ya picha, na mdomo umefunguka kidogo kama anataka kuita jina la mtu.

Majaji watatu tulikuwa na majibu matatu. Mmoja alisema anatazama mgambo. Wa pili akasema mume. Mimi nikasema mtoto wake anavuka barabara. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na katika ubishi wote huo hakuna aliyetaja simu wala kamera.

Ina makosa, na niliyaandika. Giza limejaa chembechembe, na kuna stika ya kampuni ya simu kwenye kioo inayovuta jicho bure. Angesogea kushoto nusu hatua ingejificha. Lakini mwanga wake una mwenyewe. Wa kwako hauna. Jua liko nyuma ya kijana, halafu uso wake una mwanga wa pili kutoka kushoto, ambako kuna maji matupu. Umeupaka kwenye kompyuta. Mtazamaji wa kawaida hatajua kosa ni lipi, ila hatakuamini.

Faili ghafi, lile lilivyotoka kwenye kamera kabla hujaligusa, unalo bado? Lirudie bila mistari, begi lionekane, uso uuache uwe mweusi. Unitumie. Nataka kuiona.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari Mbagala. Nimeombwa kuwa jaji wa picha za wanafunzi, mada ni "kama tuko kwenye filamu". Picha napenda ila si fundi. Nitakosoaje bila kuwavunja moyo, na alama nitoeje?

JIBU: Nzuri mwalimu. Ngoja nianze na langu. Miaka ya tisini nilipeleka picha kwenye shindano moja hapa mjini, nyeusi na nyeupe, niliyoisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza cha studio ya mjomba wangu Kariakoo. Jaji aliishika kwa pembe kama kitu kilicholowa, akasema, "Hii imekufa," akachukua nyingine. Mpaka leo sijui ilikufa kwa ugonjwa gani. Kama angesema fokasi iko sikioni badala ya jichoni, ningekwenda nyumbani na kitu. Sikugusa kamera miezi miwili, na mjomba akanikata posho.

Kwa hiyo mbele ya watoto, kabla hujasema unaonaje, sema unaona nini. "Naona mama mlangoni. Naona ndoo nyekundu. Jicho langu limekwenda kwenye ndoo kwanza." Basi, nyamaza. Kama mtoto hakukusudia ndoo, utamwona usoni amejikosoa mwenyewe. Kama alikusudia, atakueleza kwa nini, na huenda ukabadilisha alama.

Mzunguko wa kwanza zipitie zote bila kalamu. Wa pili, igeuze kila picha kichwa chini. Watu wanacheka nikifanya hivi, lakini ikiwa kichwa chini huoni tena mama na ndoo, unaona mwanga na uzito wake tu: wapi pamejaa, wapi pametupwa. Nilijifunza kwa mjomba, aliyekuwa anakagua picha zikiwa bado zinaelea kwenye beseni, upande wowote zilipogeukia.

Mzunguko wa tatu ndio wa mada yenu. Jiulize nini kilitokea sekunde moja kabla, na nini kitafuata. Picha isiyokupa hata fununu ni kadi ya posta, hata kama ni nzuri. Mmarekani Cindy Sherman, kati ya 1977 na 1980, alijipiga picha nyingi akiigiza wanawake wa filamu ambazo hazikuwahi kutengenezwa. Nyeusi na nyeupe zote. Ukizitazama unahisi filamu hiyo uliwahi kuiona mahali, unajaribu kukumbuka ilikuwaje mwisho, na mwisho haupo. Waonyeshe wanafunzi wako, hasa wanaodhani bila mashine ya moshi hakuna sinema.

Alama? Wakikulazimisha jedwali, kwenye kumi ufundi usiupe zaidi ya tatu. Watoto wanaazima simu za wazazi, na ukiuweka ufundi mbele utakuwa unashindanisha simu za wazazi. Na jambo moja la kuchunga: mtoto akileta picha ya bibi yake, kosoa picha, usimguse bibi. "Amekaa vibaya" ndilo neno atakalolikumbuka mwaka mzima.

SWALI: Mambo anti! Nikitengeneza picha kwa akili mnemba, naandika maneno tu inatoka sinema kali kuliko zenu zote. Mwakani naruhusiwa kuleta?

JIBU: Poa. Hapana. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kipengele kimoja kwenye Sony World Photography Awards kwa picha ya namna hiyo, akaikataa zawadi mwenyewe, akasema picha za akili mnemba na za kamera zisishindanishwe pamoja. Mshindi mwenyewe ndiye aliyesema. Na sisi kumi bora wote tunawaomba faili la kwanza kabisa lilivyotoka kwenye kamera au simu, kwa hiyo usijisumbue.

SWALI: Nimetolewa kwa sababu ya jina la picha! Niliandika "Machweo, Coco Beach". Wapenzi wawili wamekaa mchangani, jua limegusa maji. Jina lina uzito gani kwenye picha? Msomaji wa Kinondoni.

JIBU: Ndugu yangu, Coco Beach inatazama mashariki. Jua pale linatoka baharini, haliingii. Jua lililogusa maji Coco ni la saa kumi na mbili asubuhi, na hao wapenzi wako ama wamekesha ama wana nidhamu ya ajabu. Jaji aliyezaliwa Msasani aliliona hilo mimi hata miwani sijavaa.

Nikuambie ukweli, mimi nilikutetea. Sinema yote ni uongo wa kukubaliana. Watu wanapiga mchana jua la utosi, wanaitia giza na kuiita usiku, na sisi tunalia machozi. Ila fomu ya shindano ilidai mahali na saa ya kweli, na wewe ukasaini. Nikashindwa kura mbili kwa moja. Kilichoniuma ni kwamba ukweli ulikuwa mtamu kuliko ulichoandika: watu wawili wamekaa usiku kucha, sasa kumekucha, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusimama. Ungeandika "Kumekucha" tu, tungekaa nayo kutwa.

Ukitaka machweo juu ya maji, vuka uende Kigamboni, ugeuke uangalie ulikotoka. Jua linashuka nyuma ya maghorofa ya Posta na mlango wa bandari uko mbele yako. Kutegemea mwezi, linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na karibu saa moja kasoro dakika kumi jioni. Huku kwetu giza halibembelezi. Likishazama una kama dakika ishirini. Basi saa kumi na moja uwe umeshavuka, umeshawauliza walinzi wa kivuko wapi panaruhusiwa kupiga, maana Ikulu iko ng'ambo hiyohiyo unayoitazama. Na hao wapenzi wako waambie waje na maji ya kunywa, foleni ya kurudi jioni ni ndefu.