Kijana anataka gereji kwanza

SWALI: Shikamoo Profesa. Kijana wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), na ndoto yake ni kuja kuwa profesa wa uhandisi wa mitambo kama wewe. Cha ajabu, anataka kwanza akae mwaka mzima gereji, hapa hapa Pasua. Baba yake amekasirika, anasema mtoto wa PCM hawezi kwenda kushinda kwenye grisi. Tumwache au tumkatalie?
Mama wa kijana, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie mzee kwamba hilo alilolitaka mwanawe limeshafanywa, na aliyelifanya atamkuta chuoni kwenye kila kitabu cha mwendo wa maji. Ni Osborne Reynolds, mzaliwa wa Belfast, 1842. Mwaka 1861, kabla ya chuo, aliingia karakana ya mhandisi mmoja katika mji mdogo wa Stony Stratford, Uingereza. Ni humo alimoona kwamba mambo mengi ya mashine hawezi kuyaeleza bila hesabu. Ndipo akaenda Cambridge kusoma hisabati, akamaliza 1867. Mwaka uliofuata Owens College ya Manchester ikampa uprofesa, akiwa na miaka 25, na hapo alifundisha hadi alipostaafu 1905.

Hiyo miaka 25 msimwahidi kijana. Kwetu shahada ya uhandisi peke yake ni miaka minne, halafu kuna mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mwandamizi, profesa mshiriki... mimi mvi zilifika kabla ya cheo.

Darasani Reynolds hakuwa mwepesi kumfuata, wanafunzi walipata tabu. Mmoja wao, J.J. Thomson, ndiye aliyekuja kugundua elektroni, kwa hiyo tabu hiyo haikuua mtu. Sifa yake ilikuwa mikononi. Mwaka 1883 alipitisha maji kwenye bomba la kioo, akachirizisha rangi katikati yake. Maji yakienda polepole, rangi ilinyooka kama uzi. Alipoongeza mwendo, ghafla uzi ule ukavurugika, rangi ikajaa bomba zima. Akapata namba ya kupima hali hiyo, inayounganisha mwendo wa maji, upana wa bomba na unato wa maji yenyewe. Ikiwa chini ya 2,000 hivi, maji ndani ya bomba hutulia.

Kijana ajaribu kwa bomba lenu la uani. Afungue kidogo sana, maji yatashuka kimya, meupe kama ufito wa kioo. Azidi kufungua, yataanza kuparuza na kupiga kelele. Ila asidanganywe na mfereji wa kihambani, kule kwenye shamba la nyumbani. Hata ukionekana umelala, tone la wino halitakwenda mbali kabla ya kusambaa.

Mimi sikupita gereji, na nililipia. Nikiwa mhadhiri msaidizi nilichora shafti ya pampu, mahesabu yote sahihi, nikampelekea mkereza, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine. Mzee yule akaigeuza karatasi mara mbili, akaniuliza, "Mwalimu, hii beringi itapita wapi?" Nilikuwa nimeiweka kwenye shingo nyembamba, kushoto unene, kulia unene. Ingebidi shafti izaliwe na beringi yake! Mtoto wa gereji wa miezi mitatu asingechora vile.

Kwa hiyo aende, lakini mwaka mzima mimi naona umezidi. Tangu mtihani wa Mei hadi vyuo vifunguliwe kuna miezi kadhaa, hata mafunzo ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yakila sehemu yake. Aitumie hiyo, na likizo zote baadaye. Aombe chuo na mkopo kwa wakati. Akishikilia mwaka, akiulize chuo kwanza kama nafasi inaweza kuahirishwa, na jibu alipate kwa maandishi.

Na gereji mchagulieni yenye mashine ya kukerezea, si ya kubadilisha oili tu. Ovaroli iwe ya kumkaa. Mikono ya kupwaya hukamatwa na mashine.