Meko ya sebuleni hayapashi nyumba joto: nifunge feni ya umeme?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Tunaishi Njombe, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Sebuleni kuna meko ya matofali, ya wazi, na dohani yake inavuta moshi vizuri. Juni na Julai tunawasha kuni za miwati kila jioni, lakini anayekaa karibu anaungua magoti huku mgongo ukiganda, na vyumbani joto halifiki kabisa. Fundi umeme anatushauri tufunge feni ya kusukuma joto. Ninunue?

JIBU: Poleni na baridi. Kwa meko uliyoyaeleza, usinunue.

Feni haizalishi joto hata chembe. Kazi yake ni kulitoa joto ambalo tayari limenaswa mahali na kulisambaza chumbani. Feni hizi zilibuniwa kwa ajili ya majiko ya chuma yenye kuta mbili: hewa ya chumba huingia kwa chini, hupita katikati ya kuta hizo nyuma ya sanduku la moto, kisha hutoka kwa juu ikiwa ya moto bila kukutana na moshi popote. Feni huiharakisha tu safari hiyo. Meko ya matofali matupu hayana njia ya namna hiyo, na ukiielekeza feni kwenye moto wenyewe utajaza majivu na moshi sebuleni.

Kinachowasumbua ni dohani, tena kwa sababu inafanya kazi yake vizuri mno. Meko ya wazi hurudisha chumbani takriban sehemu moja ya kumi ya joto la kuni. Sehemu kubwa ya joto lililobaki huenda juu. Na joto hilo halipandi peke yake. Moto huvuta pia hewa ya chumba, mamia ya mita za ujazo kwa saa. Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, kimo mita 2.7, yaani mita za ujazo 54. Meko yakivuta 300 tu kwa saa, hewa yote ya sebule inabadilishwa zaidi ya mara tano, na inayokuja kujaza nafasi hiyo ni ya nje, inayopenya chini ya milango na kwenye fremu za madirisha. Ndiyo hiyo inayowapiga mgongoni. Ukiongeza kuni, dohani inavuta zaidi. Wenye meko wengi hawataki kuliamini hili, lakini washa ubani, uushike karibu na upenyo wa chini ya mlango wakati moto umekolea, uone moshi wake unaelekea wapi.

Fedha ya feni ingefaa zaidi kwenye jiko la chuma lenye mlango wa kioo, linaloingizwa ndani ya meko hayohayo na kuunganishwa na bomba lake la chuma linalopanda ndani ya dohani. Majiko ya aina hiyo yaliyotengenezwa vizuri hutoa asilimia 65 hadi 80 ya joto la kuni. Gharama yake si ndogo, najua. Kama haiwezekani mwaka huu, bandika bamba zito la chuma kwenye ukuta wa nyuma ya moto, limulike joto kurudi chumbani. Fundi mwashi mzuri anaweza pia kupunguza kina cha meko na kuzitanua kuta za pembeni kwa mshazari, mtindo ambao mwanasayansi Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, aliueleza tangu miaka ya 1790. Kuni nazo zikauke kwelikweli. Muwati mbichi unatumia moto wake kuchemsha maji yaliyo ndani yake.

Ukishaweka jiko la chuma, hapo feni ina maana, maana mwili wa jiko umezama ukutani na joto lingeishia kwenye matofali. Hata hivyo, likae kwanza majuma kadhaa bila feni. Weka mkono mbele ya tundu la juu: kama hewa ya moto inatoka yenyewe kwa nguvu na sebule inatosha, acha. Kama jiko linawaka sana na upande wa pili wa chumba bado ni baridi, funga. Vyumba vya kulala usivitegemee sana. Feni hiyo haina nguvu ya kuzunguka kona na kupita korido.

Umeme hautakutisha. Feni ya wati 50 ikizunguka saa tano kwa usiku ni robo ya uniti, yaani uniti saba na nusu kwa mwezi. Chagua yenye swichi inayojiwasha jiko likifika nyuzi 45 hivi, na yenye kupunguza kasi, kwa sababu kasi kubwa hulipoza jiko na kuzidisha masizi. Waya wa kawaida wa plastiki umepimwa kwa nyuzi 70 tu, kwa hiyo karibu na jiko tumieni waya wa silikoni. Umeme ukikatika, punguzeni hewa inayoingia kwenye moto mpaka umeme urudi. Na msifunge kilango cha dohani makaa yakiwa bado mekundu, feni iwepo isiwepo: hewa ya sumu ya makaa haina harufu.

Mkinunua mtandaoni, someni kibandiko. Feni nyingi za Marekani ni za volti 120, na umeme wetu ni 230.