Karani anakesha doria, asubuhi anasinzia

Kaka, nimekuelewa: karani wako wa mizani hapo Masasi anajitolea ulinzi shirikishi (doria za usiku za wananchi wakishirikiana na polisi), asubuhi anafika ghalani macho mekundu, nawe hutaki kumvunja moyo. Mimi nisingemwambia achague. Karani mwenye usingizi akiandika 86 badala ya 68 kwenye gunia la korosho, ugomvi unaanza hapo hapo, kwa hiyo dawa ni ratiba. Nendeni wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa na mkaguzi wa polisi wa kata, muombe zamu za Ijumaa na Jumamosi tu. Hapa Lindi kijana wetu akikesha katikati ya wiki anaingia saa nne, anafidia jioni. Minada ya korosho ikianza, doria apunguziwe.

Haya yaandikeni, msaini. Ulizeni pia mapema nani atamtibu akiumizwa doria. Usitegemee Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huo ni wa ajali za kazini. Na asije akatumia ulinzi wake kuwadai wateja wako madeni kwa niaba yako (yapo hayo!). Ukifikiria kumkata mshahara, muone kwanza afisa kazi wa mkoa.